Kuhamisha idara kutoka kaunta buku kwenda kalenda ya pamoja: mwongozo kamili

Kwa miaka mingi ratiba ya idara yetu ilikaa kwenye kaunta buku ya kwaya nne, mezani kwa katibu muhtasi. Ukitaka ukumbi mdogo unapita pale. "Mama, ukumbi upo Alhamisi?" Anafungua, anapitisha kidole, anajibu, "Upo, Dokta, ila saa nane kuna watu wa uzamili." Ulikuwa mfumo mzuri kuliko watu wa TEHAMA wanavyopenda kukiri. Kasoro yake ni kwamba ofisi ikifungwa saa tisa na nusu, kalenda ya idara nayo imefungiwa ndani.

Kilichotusukuma kuhama ni asubuhi moja ya utetezi wa tasnifu. Mtahini wa nje amesafiri usiku kucha kwa basi, mwanafunzi amevaa suti, tunafungua mlango wa ukumbi tunakuta wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameinama wanafanya jaribio. Mwenye jaribio alikuwa na ruhusa ya mkuu wa idara kwenye WhatsApp. Sisi tulikuwa tumeandikwa kwenye kaunta buku. Hakuna aliyekosea. Utetezi ulifanyika ofisini kwa mtu, watu wanne kwenye viti vitatu.

Mwaka huo nilikabidhiwa kazi ya kuihamisha idara kwenye kalenda moja ya pamoja. Naandika kwa ajili ya anayekabidhiwa kazi kama hiyo leo, awe mhadhiri, afisa tawala au mtu wa TEHAMA. Nikutahadharishe mapema: kutengeneza kalenda yenyewe ni kazi ya saa moja. Kinachokula muhula mzima ni kuzizima kalenda za zamani, na kukubaliana nani ashike kalamu.

Wiki mbili za kuokota tarehe

Usiguse kompyuta bado. Chukua daftari na uwaulize watu swali moja: "Ukitaka kujua jambo la idara ni lini, unaangalia wapi?" Usiwaulize wanapaswa kuangalia wapi, maana hapo kila mtu atakujibu "almanaka ya chuo" kwa adabu.

Kwetu tarehe zilikuwa zinaishi sehemu saba. Kulikuwa na kaunta buku ya vyumba, ubao mweupe wa ofisi ya mkuu, almanaka ya chuo iliyotumwa kwa faili la PDF, na ratiba ya vipindi kutoka ofisi ya ratiba. Kulikuwa na lahajedwali la Excel la mratibu wa uzamili lenye tarehe za utetezi. Kulikuwa na kundi la WhatsApp. Na kulikuwa na kichwa cha katibu muhtasi, ambaye peke yake ndiye aliyejua kwamba profesa fulani hapatikani Jumatano na kwamba Ijumaa mchana usipange kikao kabla ya saa nane na nusu kwa sababu nusu ya watu wako msikitini.

Hicho kichwa ndicho hazina. Kaa naye mchana mzima, mnunulie chai, andika kila kitu. Na mwambie wazi tangu siku hiyo kwamba yeye ndiye atakayeimiliki kalenda mpya. Ukimfanya ajione anaporwa kazi, mradi wako umekufa kabla haujazaliwa, na utakuwa umestahili.

Mfumo upi

Jibu fupi: ule ambao barua pepe za chuo tayari zinaendeshwa nao. Kama anwani za wafanyakazi ziko kwa Google, tumia Google Calendar. Kama ziko kwa Microsoft, tumia kalenda ya Outlook. Chuo kinachojiendeshea seva zake huenda kina Zimbra au Nextcloud, na zote mbili zina kalenda za pamoja za kutosha idara. Usianzishe kitu cha pembeni kwa sababu kinapendeza zaidi, kwa kuwa watu hawatakumbuka nenosiri la pili.

Usitengeneze kalenda ya idara kwa Gmail yako binafsi. Najua utashawishika, maana ni dakika mbili na humwombi mtu ruhusa. Ukienda masomoni, kalenda inakwenda na wewe. Omba akaunti ya idara, yenye jina la cheo badala ya jina la mtu, na kalenda zote zizaliwe humo. Akaunti ya mfanyakazi aliyeondoka ikifutwa, kalenda alizozimiliki huweza kufutika nayo.

Wapo watakaouliza, "Tukijifungia huko, siku chuo kikihamia kampuni nyingine?" Swali zuri, na jibu lake linatuliza. Kalenda zote hizi zinazungumza lugha moja, iCalendar, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2009. Ndiyo maana faili lenye mwisho wa .ics hufunguka popote. Utakachotoa Google kitaingia Outlook, na kinyume chake. Kitakachopotea ni ruhusa ulizogawa, na hizo unazipanga upya kwa asubuhi moja.

Mifano ninayotoa hapa chini ni ya Google, kwa sababu ndiyo tuliyotumia.

Kalenda ngapi?

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutengeneza kalenda kumi na moja. Kila kamati ilitaka yake. Baada ya wiki mbili hakuna aliyejua kikao cha mitaala kiandikwe kwenye kalenda ya mitaala, ya taaluma au ya vikao. Tulizifuta, tukabaki na nne:

- Vikao: mikutano ya idara, bodi, kamati zote.
- Masomo na mitihani: kufungua muhula, mwisho wa kusajili kozi, majaribio, mitihani, siku ya kuwasilisha matokeo, mitihani ya marudio, mafunzo kwa vitendo.
- Uzamili: semina, utetezi, tarehe za kuwasilisha rasimu.
- Waliopo nje: likizo, safari, mikutano ya nje ya mji.

Vyumba ni habari nyingine, nitavifikia.

Ratiba ya vipindi vya kila wiki tuliiacha nje kwa makusudi. Hiyo hutengenezwa na ofisi ya ratiba ya chuo na hubadilishwa mara nyingi katika wiki tatu za mwanzo. Ukiinakili kwenye kalenda ya idara utakuwa na ratiba mbili, na siku zitakapotofautiana lawama ni yako. Mhadhiri anayetaka vipindi vyake simuni aviingize kwenye kalenda yake binafsi. Ni shughuli ya dakika kumi.

Sikukuu usiziandike kwa mkono. Google ina kalenda ya sikukuu za Tanzania, na ya Kenya ipo pia, unaiongeza tu. Ila Idi na Maulidi zichukulie kama makadirio, kwa sababu mwezi ni wa kuandama. Sisi hatupangi utetezi siku inayofuata Idi iliyokadiriwa, wala siku inayoitangulia.

Nani ashike kalamu

Google Calendar hukupa ngazi nne za ruhusa. Ya chini kabisa mtu anaona tu kwamba saa fulani una shughuli, haoni shughuli gani. Ya pili anaona maelezo yote. Ya tatu anaweza kubadilisha matukio. Ya nne anaweza kubadilisha, na pia kugawa ruhusa kwa wengine.

Tulikubaliana hivi, na baada ya mihula kadhaa sijaona sababu ya kubadili. Ngazi ya nne wapewe watu wawili tu, katibu muhtasi na mhadhiri mmoja. Mmoja hatoshi kwa sababu watu huugua. Ngazi ya tatu wapewe waratibu, kila mmoja kwenye kalenda yake: wa uzamili kwenye Uzamili, wa mitihani kwenye Masomo na mitihani. Wahadhiri wengine wote, pamoja na mkuu wa idara, wapate ngazi ya pili.

Ndiyo, pamoja na mkuu wa idara. Hapa utahitaji ujasiri kidogo. Mkuu akiwa na kalamu ataandika kikao akiwa kwenye foleni ya magari, bila chumba, bila saa ya kumaliza, kisha atasahau. Wetu alicheka, akasema, "Yaani idara ni yangu na kalamu sina?" Nikamwambia, "Mzee, kalamu ni ya mama. Wewe mpigie tu, ataandika." Hajawahi kuiomba tena.

Sababu nyingine ya kubana kalamu tulijifunza kwa uchungu. Mhadhiri mmoja mwenye ngazi ya tatu aliona simu yake imejaa matukio yasiyomhusu, akakaa jioni moja akiyafuta moja baada ya jingine ili "asafishe". Alikuwa anayafuta kwa idara nzima. Bahati ni kwamba vilivyofutwa hukaa kwenye pipa la taka la kalenda kwa siku 30 hivi, na mwenye kalamu anaweza kuvirudisha akiwa kwenye kompyuta. Kwa hiyo siku ya mafunzo wafundishe mapema tofauti ya kufuta na kuficha. Asiyetaka kuona kalenda fulani anaondoa tiki kando ya jina lake, basi. Tukio libaki lilipo.

Usimgawie ruhusa mtu mmojammoja. Tengeneza anwani ya kundi la wafanyakazi wa idara, kalenda igawiwe kwa kundi hilo. Akija mhadhiri mpya unamwingiza kwenye kundi, akihama unamtoa. Kuna kijanja kimoja cha kukumbuka: anayeingia baadaye hupata ruhusa, lakini kalenda haijiweki yenyewe kwenye orodha yake. Mtumie kiungo aiongeze.

Halafu kuna hofu ambayo hawataisema kikaoni. Profesa mmoja aliisema mlangoni: "Sasa mtanichunga kama mbuzi." Alidhani kalenda ya pamoja maana yake watu waone kalenda yake binafsi, kliniki yake, na mashamba yake huko kijijini. Mwonyeshe kwa macho. Fungua kompyuta yako, mwonyeshe kalenda ya mwenzake iliyogawiwa ngazi ya chini: vipande vya rangi vilivyoandikwa kwamba ana shughuli, hakuna kingine. Hiyo ndiyo tunayoomba kwa kalenda binafsi, tena kwa hiari. Faida yake ni kwamba anayepanga kikao cha watu sita anaona hapohapo saa ambayo wote sita wako huru, bila kutuma ujumbe kumi na tano.

Saa nane si 8:00

Sehemu hii hutaikuta kwenye mwongozo wowote wa Google, na ndiyo iliyotusumbua kuliko zote.

Kalenda haijui saa za Kiswahili. Sisi tunaposema saa nane mchana, yenyewe inataka 14:00. Mtu aliyeambiwa "weka kikao saa nane" akiwa na haraka ataandika 8:00, na mfumo utakubali bila kinyongo, kikao kikae saa mbili asubuhi. Mwezi wa kwanza tulikuwa na matukio manne ya namna hiyo. La kuchekesha zaidi ni semina iliyowekwa saa nne usiku. Mratibu aliambiwa saa nne, akili yake ikatafsiri vizuri kuwa 10:00, kidole kikachagua jioni badala ya asubuhi. Watu wawili walimwandikia kumuuliza kama ni futari.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, kila mtu aingie kwenye mipangilio na kubadilisha mwonekano wa saa uwe wa saa 24. Hapo hakuna tena kuchanganya asubuhi na jioni, kwa kuwa 10:00 na 22:00 hazifanani. Pili, kila tukio lina saa ya Kiswahili kwenye kichwa chake: "Kikao cha idara, saa nane mchana". Kichwa kikisema saa nane na tukio limekaa 08:00, kosa linaonekana kwa jicho la kwanza. Tatu, tulibandika karatasi ukutani juu ya meza ya katibu:

saa mbili asubuhi ni 08:00
saa tano asubuhi ni 11:00
saa nane mchana ni 14:00
saa kumi jioni ni 16:00

Anayetaka kanuni: asubuhi, mchana na jioni ongeza sita, usiku ongeza kumi na mbili juu ya hiyo sita kisha ukivuka 24 rudi nyuma... hapana, acha. Hata mimi hupotea. Karatasi ya ukutani inatosha.

Jambo la pili la saa ni majira ya nchi. Hakikisha kalenda zote nne zimewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki, yaani GMT+3. Hilo linahusu hasa akaunti mpya na kompyuta za zamani za maabara ambazo saa zake zilishakata tamaa. Na kama mna msimamizi mwenza aliyeko Uingereza, kumbuka kwamba wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kiangazi tunawazidi saa mbili, baridi tunawazidi tatu. Kikao cha kila wiki akikitengeneza yeye saa 15:00 ya London, kwetu kinaangukia saa kumi na moja jioni hadi Oktoba, kisha ghafla kinahamia saa kumi na mbili. Kitengenezeni nyinyi, ili kinachosogea kisogee kwake.

Tukio linaandikwaje

Mkubaliane mtindo mmoja wa kuandika kabla ya kuanza kuingiza vitu. Wetu ni huu: aina ya shughuli, inayomhusu nani, saa kwa Kiswahili. Chumba kinakwenda kwenye sehemu yake ya mahali, si kwenye kichwa. Kwenye maelezo weka ajenda au kiungo cha kikao cha mtandaoni, na cheo cha anayehusika ili mtu ajue ampigie nani.

Majina ya wanafunzi usiyaandike. "Utetezi, shahada ya umahiri, saa tatu asubuhi" inatosha. Jina lipo kwenye faili la mratibu. Vivyo hivyo vikao vya nidhamu, na hata likizo za ugonjwa: kwenye Waliopo nje tunaandika "Hayupo", hatuandiki yuko hospitali gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Lakini hata kabla ya sheria, ni ustaarabu wa kawaida.

Kila tukio linalojirudia lazima liwe na mwisho. Kikao cha kila Jumatatu kiishe siku ya mwisho ya muhula. Ukiacha kijirudie milele, miaka mitatu baadaye chumba kitakuwa kimeshikwa kila Jumatatu na kamati ambayo ilishavunjwa.

Kuandika tukio kwenye kalenda ya idara si sawa na kumwalika mtu. Likiandikwa tu, watu wanaliona, lakini saa zao binafsi zinaendelea kuonekana wazi, na mtu mwingine atawapangia kitu palepale. Kwa kikao cha lazima, ongeza anwani ya kundi la wafanyakazi kama mgeni mwalikwa. Tukio litaingia kwenye kalenda ya kila mmoja na watajibu kama wanakuja. Kwa tarehe za taarifa tu, kama mwisho wa kusajili kozi, usialike mtu. Ukizialika zote, siku ya kwanza watapokea barua pepe arobaini, siku ya pili watakuwa wamezima arifa.

Kuingiza tarehe kwa mkupuo

Tarehe za almanaka na za uzamili zilikuwa zaidi ya mia. Huandiki moja moja. Zipange kwenye lahajedwali, kila tukio mstari wake, kisha uhifadhi faili kwa umbo la CSV. Mstari wa juu kabisa lazima uwe na majina ya safu kwa Kiingereza kama mfumo unavyoyataka, herufi kwa herufi: Subject, Start Date, Start Time, End Date, End Time, Description, Location. Ukiandika "Tarehe ya kuanza" faili litakataliwa.

Mtego uko kwenye tarehe. Maelekezo ya Google yanataka mwezi utangulie, siku ifuate. Sisi tunaandika 05/11 tukimaanisha tarehe tano Novemba, na inaweza kusomwa tarehe kumi na moja Mei bila onyo lolote. Kwa hiyo tengeneza kalenda ya majaribio, iite Jaribio, ingiza mistari mitano tu humo, na katika hiyo mitano iwemo tarehe yenye siku iliyozidi 12. Angalia zimekaa wapi. Zikiwa sawa, futa Jaribio na ingiza faili zima kwenye kalenda ya kweli. Mimi niliruka hatua hii. Nilishinda Jumamosi nikifuta matukio tisini na kitu, moja moja, wali umepoa mezani.

Kuingiza hufanyika kwenye kompyuta, upande wa mipangilio, na unachagua kalenda ya kupokea kabla ya kubofya. Usipochagua vizuri yote yanaangukia kwenye kalenda yako binafsi. Kama chuo kinatumia Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kalenda yake hutoa faili la .ics ambalo nalo linaingia kwa njia hiyohiyo. Jua tu kwamba kilichoingizwa kwa faili hakijisahihishi. Almanaka ikibadilika, unarekebisha kwa mkono.

Vyumba

Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia, kwa hiyo usikubali njia ya mkato.

Njia sahihi ni kumwomba msimamizi wa mfumo wa chuo aviandikishe vyumba vya idara kama rasilimali. Chumba kinakuwa na kalenda yake, na unapotengeneza tukio unakichagua kana kwamba unamwalika mtu. Kikiwa wazi kinakubali chenyewe. Kikiwa kimeshikwa kinakataa chenyewe. Hakuna cha mama kasema, mkuu kasema.

Njia ya mkato ni kutengeneza kalenda ya kawaida na kuiita "Ukumbi mdogo". Tatizo ni kwamba kalenda ya kawaida haikatai kitu. Matukio mawili yatakaa saa ileile, bega kwa bega, kwa amani kabisa, na watu watakutana mlangoni kama zamani. Kama msimamizi anachelewa, itumie kwa muda, lakini kalamu yake iwe kwa mtu mmoja tu. Sisi ilituchukua barua mbili na safari tatu za kwenda ofisi ya TEHAMA kupata vyumba vitatu. Andika barua mapema, wiki ileile unayoanza kuokota tarehe.

Vyumba vinavyotumika pia kwa vipindi, weka saa za vipindi kama matukio yanayojirudia hadi mwisho wa muhula. Hapo tu ndipo nakubali ratiba ya vipindi iguse kalenda yetu.

Simu, mtu mmoja mmoja

Tulifanya mafunzo ya pamoja ukumbini, na projekta, na soda. Hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni kupita ofisi kwa ofisi, dakika kumi na tano kila mtu, simu yake mkononi mwake, mimi nimekaa pembeni. Usiishike wewe.

Mambo ya kukagua kwenye simu ni machache. Je, akaunti ya chuo imeingizwa, au kuna Gmail ya nyumbani tu? Je, kalenda nne zina tiki? Je, simu imebanwa na hali ya kuokoa betri inayozuia kusawazisha, yaani simu kuvuta mabadiliko ya kalenda? Kwenye iPhone, anayetumia kalenda ya Apple badala ya programu ya Google mara nyingi haoni kalenda za pamoja hadi azichague kwenye ukurasa wa Google uitwao syncselect. Tulipoteza wiki nzima kabla ya kugundua hilo, na mwenye simu alikuwa ameshatangaza kwamba mfumo ni mbovu.

Kisha mweleze kuhusu bando, maana atauliza. Kalenda hula data kidogo sana, na iliyokwisha kusawazishwa huonekana hata mtandao ukikatika. Mwisho, mwekee arifa mbili kwenye Vikao, moja siku moja kabla na nyingine dakika thelathini kabla. Kwenye kalenda nyingine usiweke hata moja; ataongeza mwenyewe akitaka.

Kwa wanafunzi tulitengeneza kalenda ya tano baadaye, ya umma, yenye semina na tarehe za mwisho tu. Wanaipata kwa kiungo kilichobandikwa ubaoni. Chochote unachoweka humo hesabu kwamba dunia nzima inaweza kukisoma.

Siku ya kufunga daftari

Endesha zote mbili, kaunta buku na kalenda, kwa wiki mbili. Si zaidi. Kila jioni katibu alilinganisha ukurasa wa siku na kalenda, tofauti tukaziandika kwa kalamu nyekundu. Wiki ya kwanza zilikuwa tisa, ya pili mbili.

Ijumaa ya wiki ya pili, mbele ya mkuu, mama alipiga mstari chini ya ukurasa, akaandika tarehe, akasaini, na daftari likaingia kabatini. Lilihifadhiwa kama kumbukumbu, ila halikubaki mezani. Hatua hii inaonekana ni mchezo wa kuigiza, lakini idara ninazozijua zilizoacha daftari mezani "kwa dharura" zote ziko kwenye daftari hadi leo.

WhatsApp hutaiua, wala usijaribu. Iwekee sharti moja: kundini hakuna kutangaza tarehe, ni kutuma kiungo cha tukio. Mtu akiandika "kikao Jumanne saa nne", yeyote anajibu kwa maneno mawili, "Kiko kalendani?" Kama hakiko, hakipo. Mkuu wetu alilivunja sharti hili mara ya kwanza wiki ya tatu. Alitangaza kikao kundini, hakumpigia mama, na watu wawili tu walitokea. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi mkali wa sharti baada ya hapo.

Mwisho wa kila muhula

Tenga asubuhi moja. Toa nakala ya kila kalenda kwa faili la .ics na uihifadhi mahali ambapo si Google. Pitia kundi la wafanyakazi, watoe waliohama, waingize wapya. Angalia nani ana ngazi ya tatu na kama bado ni mratibu. Ingiza tarehe za muhula unaofuata mara almanaka ikipitishwa na Seneti, na kabla ya hapo usiziingize, hata kama umezipata kwa rafiki aliyeko kwenye kamati.

Na mpeleke mama likizo. Likizo yake ya kwanza baada ya kuhama ilikuwa siku ishirini na nane, Desemba nzima karibu. Nilimpigia mara moja, kumuuliza ufunguo wa ukumbi uko wapi.